SAYYIDNA MUADH BIN JABAL, SAHABA ALIYEFILISIKA

Mwaka huu tumeulizwa, si mara moja wala mbili, na ndugu zetu wa pwani waliohamia Nairobi kutafuta riziki, hasa wakaao Kibera na Kawangware, juu ya mtu ambaye madeni yamemzidi mali. Wanataka kujua wenye kumdai wana ruhusa ya kumchukulia nini, na ni kipi wasichokuwa na ruhusa ya kukigusa. Wengine waliuliza kwa kificho, kana kwamba wanamuulizia mtu mwingine. Na katika maelezo yao yamo mambo ya kuhuzunisha: mwanamke mshoni aliyebebewa cherehani yake hali kazi za watu zimo ndani hazijamalizwa, kijana aliyehama chumba usiku, akamwachia mkewe na watoto wadogo kazi ya kuwakabili wadai kulipokucha.

Tumeona jibu la maswali haya lisiwe hukumu kavu zilizopangwa moja chini ya nyingine. Tutaeleza maisha ya Sahaba mtukufu ambaye jambo hili lilimfika yeye mwenyewe, likahukumiwa na Mtume (S.A.W.) mbele ya macho ya watu wa Madina, na hukumu ile ikawa ndiyo msingi waliojengea wanavyuoni mlango mzima wa kufilisika. Watu wetu wengi humjua Sayyidna Muadh (R.A.) kwa elimu yake tu, na khabari ya deni lake hawajapata kuisikia juu ya mimbari. Labda wahubiri wanaona haya kumtajia Sahaba deni. Lakini waliozipokea khabari zile hawakuona haya kutupokelea, nasi hatuoni sababu ya kuzificha.

Jina lake ni Muadh bin Jabal bin Amr, na alikuwa akiitwa Abu Abdir-Rahman. Alikuwa ni Ansari, katika kabila la Khazraj la Madina. Alisilimu naye ni kijana wa miaka kumi na minane hivi, na alikuwamo katika wale watu sabini na kitu waliokwenda Makka mwaka 622 wakampa Mtume mkono wa ahadi kule Akaba, kabla ya Hijra. Waliporudi Madina, yeye na vijana wenziwe wa Banu Salima walikuwa wakilichukua usiku sanamu la mzee mmoja mkubwa wao, Amr bin al-Jamuh, wakalitupa shimoni mwa taka. Kila asubuhi mzee akilitafuta, akiliosha na kulitia manukato, hata mwisho akatambua kwamba kisichoweza kujikinga nafsi yake hakiwezi kumkinga mtu, akasilimu.

Alipigana Badr na vita vyote vilivyofuata pamoja na Mtume. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa elimu. Mtume aliwataja watu wanne ambao Waislamu wachukue kwao Kurani, naye ni mmoja wa wanne hao. Na akamsifu kuwa ndiye ajuaye zaidi halali na haramu katika umma huu. Ilipofunguliwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra, yeye ndiye aliyeachwa huko kuwasomesha watu dini yao. Hakuwa na miaka thalathini.

Pamoja na elimu hiyo alikuwa na sura nzuri na mkono ulio wazi. Wapokezi wanamsifu kuwa alikuwa kijana mkarimu katika vijana bora wa kaumu yake, hazuii kitu. Aombwapo hutoa, na kama hana hukopa akatoa. Hapa ndipo mambo yalipomharibikia. Deni halikumjia kwa kamari wala kwa ulevi wala kwa uvivu. Lilimjia kwa wema usio na hesabu, na wema wa namna hii tunaujua sana sisi watu wa pwani. Wangapi katika sisi hukopa kwa ajili ya arusi ya siku tatu, au kwa pilau ya hitima na ya arubaini, wakaona kwamba kutokukopa ni uchoyo? Na hayo ya hitima na arubaini yana ubaya wa pili, kwani ni karamu zisizoamrishwa na dini, na mara nyingine hugharimiwa kwa mali ya mayatima wa yule yule maiti. Lakini tuyaache, tusije tukatoka nje ya maneno yetu.

Muadh alikopa, akakopa, mpaka deni likaifunika mali yake yote. Wadai walipomkaba alikwenda kwa Mtume akamtaka aseme nao. Mtume akasema nao, nao hawakupunguza kitu. Na wanavyuoni wanaipokea khabari hii pamoja na maelezo yake: lau wale wangekuwa ni watu wa kumsamehe mtu kwa ajili ya mtu, wangalimsamehe Muadh kwa ajili ya Mtume wa Mwenyezi Mungu. Lakini hawakutaka, na Mtume hakuwalazimisha. Msomaji na apazingatie hapa. Kijana ni mpenzi wake, ni mwanafunzi wake mkubwa, na yeye ndiye mtawala wa Madina. Na juu ya hivyo hakufuta haki ya mtu hata dirhamu moja. Deni ni haki ya viumbe, na mwenye haki akisamehe ni wema wake, asiposamehe hatendi dhambi.

Basi Mtume alimzuia Muadh kutumia mali yake, akaiuza yote kwa ajili ya wadai, hata Muadh akasimama hana kitu. Hayo yalikuwa mwaka wa 9 wa Hijra. Baadhi ya wanavyuoni wamepokea kwamba wadai walipata sehemu tano katika saba za haki zao, yaani aliyekuwa akidai dirhamu saba alipewa tano. Hawakutosheka, wakataka auzwe Muadh mwenyewe wakamilishiwe zilizobaki. Mtume akawakatalia, akawajulisha kwamba hawana tena njia yoyote juu yake. Na katika Hadithi sahihi nyingine iko khabari ya mtu aliyenunua matunda yakapatwa na maafa, madeni yakamzidi. Mtume akawaamrisha watu wamsaidie kwa sadaka, na sadaka isipotosha akawaambia wadai wachukue walichokikuta, wala hawana zaidi ya hicho. Baadhi ya wanavyuoni wamesema mtu huyo alikuwa Muadh. Khabari ya kuuzwa mali ya Muadh, wajuzi wa Hadithi wamesema nayo katika mapokezi yake, na wengi wameipa nguvu ile njia isiyotaja Sahaba aliyeipokea. Lakini mafakihi wameifanyia kazi, na maana yake inakubaliana na Kurani, iliyoamrisha kwamba mdaiwa mwenye dhiki angojwe mpaka apate wasaa, na ikawawekea wenye madeni fungu lao katika mafungu manane ya Zaka.

Katika tukio hili yamo mambo mawili. La kwanza ni kwamba mali ya aliyefilisika ni haki ya wadai wote, wagawane kwa kadiri ya madeni yao, wala hawezi mwenye nguvu kuwahi usiku akabeba anachokitaka. La pili ni kwamba mtu mwenyewe si mali. Mwili wake, uhuru wake, heshima yake, na nguvu ya mikono yake havimo katika mnada.

Nini basi anachoachiwa? Wanavyuoni wamehitilafiana, na hitilafu yao ni rehema kwa mwenye kuielewa. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kama ilivyo katika Minhaji ya Imamu Nawawi inayosomeshwa misikitini mwetu, aliyefilisika huachiwa nguo zinazomstahili: kanzu, suruali, kilemba na viatu, na wakati wa baridi huongezewa joho. Hulishwa yeye na wale walio juu yake kwa mali ile ile mpaka siku ya kugawanywa. Ama nyumba yake, huuzwa, naye akapange. Wenzetu Mahanbali wanasema nyumba asiyoweza kuikosa haiuzwi, isipokuwa ikiwa ni ya fahari, hapo itauzwa anunuliwe iliyo ndogo. Na fundi huachiwa zana za kazi yake, na mfanyabiashara asiyekuwa na kazi ya mkono huachiwa rasilimali kidogo ya kuzungushia. Sisi, pamoja na kuwa tumelelewa katika madhehebu ya Shafii, twaona kauli hii ya Mahanbali juu ya zana ndiyo inayofaa kushikwa katika miji ya leo. Mshoni akinyang'anywa cherehani, atalipa deni lililobaki kwa nini? Mwenye kuifunga milango ya riziki ya mdaiwa ameifunga pia njia ya kulipwa yeye mwenyewe. Wala kuacha kauli ya Imamu wetu katika jambo moja, kwa kuwa kauli ya Imamu mwingine ina maslaha zaidi, si kumvunjia heshima, ingawa najua wapo watakaotukasirikia.

Sheria ya Kenya haikuwa mbali na haya, na hilo huwashangaza wengi tunapowaambia. Sheria ya Mwenendo wa Madai, katika kifungu cha 44, inakataza kukamatwa kwa hukumu ya mahakama nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wake. Na mapambo ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hatengani nayo. Na zana ambazo mtu hawezi kufanya kazi yake bila ya hizo. Mkulima naye ameachiwa sehemu ya mifugo na zana zake kwa kiasi kilichotajwa. Basi dalali aliyekuja na karatasi ya mahakama akabeba sufuria na godoro la mtoto ametoka nje ya mpaka wake, na cherehani ya yule mwanamke ni zana ya kazi, wala haikuwa ruhusa kubebwa kwa deni la kawaida. Na aliyekuja bila ya karatasi ya mahakama, wala hana mkataba wa rehani mkononi, huyo hana tofauti na mwizi, hata akiwa anadai kweli.

Ama kujitangaza mfilisika, iko Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, iliyoondoa ile ya zamani. Mdaiwa huomba mwenyewe Mahakama Kuu, akaeleza mali zake zote na madeni yake yote bila ya kuficha. Mali yake ikaingia katika mikono ya msimamizi, ikauzwa na kugawanywa. Sheria hiyo nayo humwachia zana zake za lazima za kazi na vyombo vya nyumbani kwa kiasi. Na kwa masikini kabisa asiyekuwa na mali ya kuuzwa, ambaye deni lake halikuzidi shilingi 400,000, umewekwa utaratibu wa peke yake ulio mwepesi zaidi, na wengi wa wale wanaotuuliza wamo katika kiasi hicho. Kwa nini basi kijana ahame usiku? Aliyehama usiku hakuokoa kitu ila nafsi yake, na hata hiyo hakuiokoa na deni. Ameacha nyuma yake mke asiyejua kwamba kitanda anacholalia kimekingwa.

Lakini kinga hii ina milango, na haifai kuificha. Mlango mkubwa ni rehani. Aliyekopa akaandika kwamba pikipiki yake au cherehani yake ni rehani ya deni lile, mwenye rehani ana haki juu ya kitu hicho mbele ya wadai wote, katika Sharia na katika sheria ya nchi pia. Hapo kusema kwamba ni zana ya kazi hakutamfaa. Watu hutia sahihi karatasi wasizozisoma, kisha hulia. Asome, na asiyejua kusoma asomewe na mtu asiyekuwa wa upande wa mkopeshaji.

Jingine ni mali iliyo mkononi mwa mtu nayo si yake. Amana, mali ya yatima, na mali ya wakfu haziingii katika ufilisi wake. Muadh aliuziwa mali yake, hakuuziwa ya mwingine. Kadhalika fedha za chama zilizo kwa mweka hazina. Lakini mweka hazina anayechanganya fedha za chama na zake katika simu moja, atazithibitishaje siku hiyo? Na mahari ya mke na dhahabu yake ni mali yake mwenyewe, mume hana fungu ndani yake. Twasikia waume Kawangware na kwingineko huwabembeleza wake zao waweke dhahabu rehani kwa madeni ambayo wao hawakuyajua yalipoanza. Mke akiridhia bila ya kutenzwa nguvu ni ihsani yake. Akikataa, hajamwasi mume.

Na ardhi nayo ina mambo yake. Kibera ilianza na askari wa Kinubi, Waislamu wenzetu, waliopewa mahali pale pa kukaa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, nao ndio waliopapa jina, kwa neno la lugha yao lenye maana ya msitu. Miaka mingi walikaa bila ya hati, mpaka mwaka 2017 jamii yao ilipopewa hati ya eka 288. Hati ile ni ya jamii, basi si mali ya mtu mmoja aweze kuiweka rehani au wadai wake kuiuza. Sehemu kubwa iliyobaki ya Kibera ni ardhi ya Serikali, na anayeitwa mwenye nyumba huko ana mabati, miti na udongo wa kuta, lakini hana ardhi iliyo chini yake. Kawangware ni kinyume: ardhi nyingi ni ya watu wenye hati zao, na mwenye hati aliyefilisika ajue kwamba kiwanja chake kinaingia katika mali ya kugawanywa. Mpangaji wa chumba kimoja, na ndio wengi wa ndugu zetu, hana nyumba ya kuhofia. Lake ni vyombo na zana.

Tumesahau mikopo ya simu, nayo ndiyo iliyowaangamiza vijana. Riba yake ni haramu, na hilo halihitaji maelezo. Lakini hata aliyekwisha kuingia humo ajue kwamba tangu mwaka 2022 zipo kanuni za Benki Kuu ya Kenya zinazowakataza wakopeshaji hao kumtishia mdaiwa, kumtukana, au kuwapigia simu jamaa na rafiki zake bila ya idhini wakamwaibisha. Heshima nayo ni kitu kilichokingwa.

Turudi kwa Sayyidna Muadh. Mtume hakumwacha akae Madina akitazamwa kwa jicho la huruma. Alimpeleka Yaman, awe kadhi wao na mwalimu wao na mkusanyaji wa Zaka yao, naye akitaraji kwamba Mwenyezi Mungu atamuunga kwa yaliyomvunjikia. Mtu aliyefilisika jana anapewa leo hazina ya nchi nzima! Katika miji yetu mtu akishafilisika hapewi hata ufunguo wa msikiti. Mtume alimsindikiza nje ya Madina kwa miguu, na Muadh amepanda mnyama wake, akimuusia. Na akamjulisha kwamba huenda wasionane tena baada ya mwaka ule. Muadh akalia.

Katika aliyomuusia juu ya Zaka ni kwamba ajihadhari na mali za watu zilizo bora, asiwachukulie kile wakipendacho zaidi katika mifugo yao, na aogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani hapana pazia baina ya dua hiyo na Mwenyezi Mungu. Wasia huu ulipewa mtu aliyejua kwa nafsi yake nini maana ya kuona mali yako ikitolewa nje kitu kimoja kimoja. Naye aliushika. Alipokuwa Yaman aliwaambia watu walete nguo badala ya shayiri na mtama, maana hivyo kwao ni vyepesi zaidi na kwa Masahaba wa Madina vina manufaa zaidi. Na mashuhuri ni ile khabari ya kwamba Mtume alimuuliza atahukumu kwa nini, naye akajibu kwa Kitabu, kisha kwa Sunna, kisha kwa kujitahidi kwa rai yake. Wapo walioidhoofisha sanadi yake, lakini wanavyuoni wakubwa wameikubali maana yake, nayo ni hoja juu ya wale wanaosema mlango wa kujitahidi umefungwa. Huko Janad, karibu na mji wa Taizz, uko msikiti unaonasibishwa naye mpaka hii leo.

Yaman alifanya biashara, akapata mali. Wapokezi wanasema yeye ndiye wa kwanza kufanya biashara kwa mali ya Mwenyezi Mungu, yaani mali ya umma iliyokuwa mkononi mwake. Aliporudi, Mtume alikuwa amekwisha kufa na Khalifa ni Sayyidna Abubakar. Sayyidna Umar akamshauri Khalifa aichukue mali ile, amwachie Muadh cha kumtosha kuishi. Tazama tena: hata Umar, kwa ukali wake wote, alitaka abakiwe na cha kuishi. Abubakar hakukubali, akaona kwamba Mtume ndiye aliyempeleka ili aungwe, naye hatachukua kitu ila atakachotoa mwenyewe. Umar akamwendea Muadh mwenyewe, na Muadh akakataa kwa hoja hiyo hiyo.

Kisha akaota. Wengine wanapokea kwamba alijiona yumo katika maji mengi, anakaribia kuzama, na Umar akamvuta akamtoa. Wengine wanapokea kwamba ulikuwa ni moto. Kulipokucha alikwenda kwa Umar akamweleza kwamba amekubali, kisha akaenda kwa Abubakar akamletea kila alichokuwa nacho, akamwapia kwamba hakuficha kitu, hata mjeledi wake wa kumpigia mnyama aliuleta. Twaomba wasomaji wautazame mjeledi huu. Wako watu siku hizi, wanapoona deni linawajia, huandika duka kwa jina la shemeji, na gari kwa jina la mtoto aliye shuleni, kisha huja mahakamani na kanzu iliyochanika. Huo ni wizi wa mali ya wadai, na kuapa juu yake ni kiapo cha uongo. Na sheria ya nchi nayo ina nguvu ya kuzirudisha mali hizo na kumwadhibu aliyezificha. Kinga ya kitanda na cherehani amewekewa anayesema kweli juu ya vilivyobaki. Abubakar hakuchukua hata kile alicholetewa. Alimwachia Muadh yote kuwa ni zawadi, na hapo Umar akaona kwamba sasa mali ile imekuwa halali na nzuri kwake.

Baada ya hayo alikwenda Sham na majeshi ya Waislamu, akahudhuria vita vya Yarmuk mwaka 636, akawa mwalimu wa watu wa huko. Ukarimu wake haukumtoka. Wakati wa ukhalifa wake, Umar alimpelekea mfuko wa dinari 400, akamwagiza mjumbe akae kidogo atazame atazifanyaje. Muadh akawa anamtuma kijakazi wake nyumba hata nyumba, kwa fulani kiasi kadha na kwa fulani kiasi kadha, mpaka mkewe akachungulia akamkumbusha kwamba hata wao ni masikini. Zilikuwa zimebaki dinari mbili, akamrushia. Mjumbe akarudi na khabari hiyo, Umar akafurahi. Ni mkono ule ule wa ujana wake. Ila safari hii alichokitoa kilikuwa chake, wala hapakuwa na mtu wa kuja kukidai kesho.

Mwaka wa 18 wa Hijra, nao ni mwaka 639, tauni ilipiga Sham, ikaanzia kijiji cha Amwas huko Palestina. Akafa amiri wa jeshi, Abu Ubaida bin al-Jarrah, naye akamwachia Muadh mahali pake. Muda haukuwa mrefu. Wakafa watu wa nyumba ya Muadh, akafa mwanawe Abdur-Rahman aliyempenda sana, kisha ikamtokea yeye mwenyewe mkononi. Alikufa akiwa na miaka thalathini na kitu, na wengi wanasema hakufika arubaini. Kaburi lake liko katika bonde la Mto Yordani, upande wa mashariki, karibu na Shuna ya Kaskazini katika nchi ya Jordan. Mwenyezi Mungu amridhie.